Kimya cha Maiti Si Ridhaa

Kila zinapotajwa habari za wagonjwa wa figo, hakosi msomi wa kutuambia kwamba dawa iko Bungeni: ipitishwe sheria kila anayefariki ahesabiwe ameridhia viungo vyake vitumike, ila yule aliyekataa kwa maandishi. Hispania wamefanya hivyo, wanasema, na wanaongoza duniani. Kisha lawama zinatuangukia sisi wa Kwale na wenzetu: eti dini na mila ndizo zinazowaua wagonjwa.

Hebu tuitazame hiyo Hispania. Sheria yake ni ya 1979. Miaka 10 baadaye bado ilikuwa na wachangiaji wapatao 14 tu kwa kila watu milioni. Mwaka 1989 ndipo ilipoundwa taasisi ya taifa ya upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz, ikaweka hospitalini madaktari wenye kazi ya kuwatambua wachangiaji na kuketi na wafiwa. Leo wamepita 50 kwa milioni. Sheria ni ile ile, na familia bado huulizwa; ikikataa, basi. Matesanz mwenyewe hakuchoka kueleza kwamba mafanikio yale hayakuletwa na sheria.

Brazil nayo ilipitisha sheria kama hiyo 1997. Watu waliingiwa na hofu, madaktari wakaipinga, na mwaka uliofuata ikafutwa.

Utafiti wa 2019 uliolinganisha nchi 35 haukuona tofauti ya maana katika idadi ya wachangiaji waliofariki. Ulichoona ni kwamba nchi zinazodhania ridhaa zina wachangiaji hai wachache zaidi. Hapo ndipo pa kushtuka, maana Kenya figo hutoka kwa walio hai, ndugu kumpa ndugu. Tuichezee njia hiyo kwa ajili ya nini?

Njoo sasa Msambweni. Kijana wa bodaboda amegongwa kwenye barabara ya Lunga Lunga, ubongo umekufa. Ili figo zake zifae, lazima awe kwenye mashine ya kupumulia, kifo cha ubongo kithibitishwe kwa vipimo, maabara imtafute mgonjwa anayelingana naye, na wapasuaji wawe tayari kwa saa chache zilizobaki. Akikata roho kando ya lami, au gari la wagonjwa likiwa linasubiri feri pale Likoni, hakuna kifungu cha sheria kitakachoziokoa figo hizo.

Ama dini, wanaoilaumu hawajaisoma. Baraza la maulamaa wakuu wa Saudia liliruhusu uchangiaji wa viungo 1982. Jopo la kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah 1988 liliruhusu pia, kwa sharti kwamba marehemu aliridhia au warithi wake wameridhia. Kimya cha mwari siku ya posa huhesabiwa ridhaa kwa sababu yu hai na amekwisha kuulizwa. Maiti nani kamuuliza?

Na hii ndiyo Pwani ya hadithi za mumiani. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kwa tuhuma za biashara ya viungo. Nenda leo Kinondo ukawaambie wazee kwamba maiti ya mtoto wao ni ya daktari mpaka waonyeshe karatasi. Watamtoa mgonjwa wadini angali anapumua, nami sitawalaumu.

Sheria tunayo. Ile ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kutoa viungo vyake kwa wosia, kwa hati, hata kwa kauli mbele ya mashahidi wawili. Hilo mzee wa Kidigo hahitaji kufundishwa. Kinachokosekana ni vitanda vya mahututi, maabara, na muuguzi aliyefunzwa kuzungumza na wafiwa kwa lugha yao. Waheshimiwa wa kaunti, bajeti iko mikononi mwenu. Nawe msomaji, kama moyo wako umekubali, waite mashahidi wako wawili jioni hii uwaambie.