Mwani hauji kwa uchawi, ni hayo maji yako ya kisima

Nyinyi wa matangi ya samaki na matumbawe hapa Frere Town, wacheni kununua dawa za kuua mwani. Mwaulisha wenyewe! Joto likikausha maji, chumvi hubaki ndani, nanyi mwaongezea nini? Mtungi wa lita 20 wa kisima. Na visima vingi vya Kisauni viko jirani na vyoo vya shimo, kwenye mchanga na mawe ya matumbawe yanayopitisha kila kitu. Naitreti inayoingia humo ni mbolea tosha.

Ati "mimi huyachemsha." Bro, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Naitreti haitoki na mvuke, yazidi kukolea. Kinachosaidia ni chujio la osmosisi: presha husukuma maji kwenye utando, naitreti karibu yote hubaki nyuma. Ghali, ndiyo, lakini hizo dawa ushanunua chupa ngapi?

Linaloniudhi zaidi ni hili: chujio lapatikana, lafungwa kwa tangi, na mtoto mchanga mle ndani akorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima yale yale. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya watoto kama huyo. Nemo wako aogelee kwenye maji safi kuliko anayokunywa mdogo wako?