Arizona nayo ipige marufuku risasi zinazoua kondori

Karibu kila kondori wa California anayeishi Grand Canyon, Arizona, ana namba bawani. Wageni wengine hukereka: wamekuja kuona ndege wa porini, wanakuta ndege mwenye namba kama gari. Mimi nazipenda namba hizo, maana ndizo zinazotujulisha nani yu hai na nani ameuawa na sumu.

Huwatazama nikiwa kwenye Daraja la Navajo, mita 140 hivi juu ya mto Colorado. Asubuhi huwa wametua kwenye vyuma chini ya miguu yetu, mabawa wameyaanika. Miamba ikishapata joto na hewa ikaanza kupanda, hujiachia. Mabawa hayo ni karibu mita tatu toka ncha hadi ncha, na unaweza kumfuata mmoja kwa darubini mpaka mikono ichoke hujamwona akiyapiga. Akipita karibu, unasikia upepo ukivuma manyoyani.

Mwaka 1987 hapakuwa na hata mmoja porini. Wote waliosalia duniani, 27, walikuwa wamefungiwa California ili wazaliane. Arizona waliachiwa mwaka 1996, kwenye miamba ya Vermilion. Jike hutaga yai moja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kila kifo ni hasara kubwa.

Muuaji wao mkuu ni madini ya risasi. Mwindaji akimpiga mnyama, risasi yake ya madini hayo hupasuka vipande vidogo mwilini. Yeye huchukua nyama, matumbo huyaacha. Kondori huja kula. Sumu huingia kwenye damu, utumbo hupooza, na ndege hufa njaa ilhali chakula kimemjaa kooni. Ukatili ulioje!

Siwapingi wawindaji, kwani mabaki wanayoyaacha ni chakula cha kondori. Nataka watumie risasi za shaba. Arizona imewagawia bure tangu 2005, na wengi wamezikubali kwa hiari. Lakini hiari haitoshi. Kwetu Kenya, tumbusi hufa kwa mizoga iliyotiwa sumu kumlenga simba, na mzoga mmoja humaliza kundi zima. Hapa pia, matumbo ya mnyama mmoja huliwa na kondori wengi, kwa hiyo mwindaji mmoja mkaidi anatosha kuleta maafa.

California imepiga marufuku uwindaji kwa risasi zenye madini hayo ya sumu tangu 2019. Arizona na jirani yake Utah zifanye vivyo hivyo, na ugawaji wa bure uendelee, ili bei isimzuie mtu kutii sheria.