Bukavu: Mgeni anapewa muda wa kuzoea, lakini mtoto wa kituo nani anamfikiria?

Kunako mji wa Bukavu, mkoani Kivu ya Kusini, likizo kubwa za mwezi wa saba na wa nane huleta wageni kwenye vituo vya mayatima kila usalama unaporuhusu. Ni vijana kutoka Ulaya na Amerika, na siku hizi pia watoto wa Wakongo waliokulia Ubelgiji au Ufaransa. Wengi hushuka kwa ndege Kigali, huvuka mpaka kwa Ruzizi, na kazi yao ya kujitolea huanza: wiki mbili, wiki tatu, mara chache mwezi mzima. Hufundisha Kiingereza, hucheza mpira na watoto, hupaka ukuta rangi, hupiga picha. Kisha huondoka.

Kabla ya safari mgeni huandaliwa vizuri. Huchanjwa homa ya manjano, hupewa dawa ya malaria na chandarua, huambiwa achemshe maji na asishangae umeme ukikatika siku tatu. Hufundishwa kusema "Jambo sana". Huambiwa kwamba wiki ya kwanza ni ngumu, lakini ya pili atakuwa amezoea. Akifika, anapewa chumba kizuri kuliko vyote na kupikiwa kuku, huku watoto wakila bugali na maharagi. Kila mtu anauliza: mgeni amezoea?

Swali ambalo haliulizwi ni la mtoto. Huyo mtoto atazoeaje kuona mtu aliyembeba kila asubuhi anaondoka, anakuja mwingine, na huyo naye anaondoka? Mtoto wa kituo ameshaachwa mara moja, kwa kifo, kwa vita, au kwa umaskini wa nyumbani. Kumletea watu wapya wa kumpenda kwa wiki tatu tatu ni kumfundisha kuachwa mara kumi kabla hajafikisha miaka saba.

Wageni wengi husimulia kwa furaha kwamba watoto waliwakimbilia na kuwakumbatia siku ile ile ya kwanza. Wanadhani ni upendo. Mama yeyote wa Kadutu au Bagira anajua kwamba mtoto mdogo aliyelelewa vema, akimwona mtu asiyemfahamu, hujificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Mtoto anayerukia mikono ya kila anayepita anaonyesha kwamba hana mtu wake. Inchini Romania, watafiti waliwafuata kwa miaka mingi watoto waliolelewa katika vituo vya serikali. Waliohamishiwa mapema katika familia walikua vizuri zaidi, kwa akili na kwa moyo, kuliko waliobaki vituoni. Mtoto anahitaji mtu mmoja anayebaki.

Kuna pia jambo la karatasi. Kijana wa Bukavu akitafuta kazi, hata ya ulinzi wa usiku, huombwa kitambulisho, barua ya maombi na cheti cha tabia njema. Mgeni huonyesha pasipoti tu, na jioni ile ile yuko na watoto ndani ya chumba cha kulala. Nani amepiga simu kwao kuuliza kama aliwahi kuhukumiwa? Hili si woga wa bure. Mwaka 2016, mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma kwa kuwanajisi watoto wa kituo kimoja cha Nairobi alikokwenda kujitolea. Wengi wanaokuja hawana nia mbaya, hiyo ni kweli. Lakini mlango ulio wazi kwa wema uko wazi pia kwa huyo mmoja.

Na hao wanaoitwa mayatima ni nani? Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi vituoni wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hapa kwetu sababu zinajulikana: mjane wa Kabare au Walungu hana minervali ya sekondari, baba ameenda machimboni hakurudi, mtoto ametuhumiwa uchawi na kufukuzwa. Mzazi husikia kwamba kituoni kuna chakula, shule na wazungu, naye hupeleka mtoto. Msimamizi wa kituo naye anajua kwamba bila watoto hakuna wageni, na bila wageni hakuna dola. Hapo mtoto ameshakuwa bidhaa ya kuonyeshwa, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi wenyewe tunaofungua mlango.

Sheria ipo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto iliunda mahakama za watoto, na inakataza hata kumtuhumu mtoto uchawi. Katika mwezi wa kumi na mbili 2019, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliomba serikali zizuie madhara ya kujitolea katika vituo vya mayatima, pamoja na utalii unaofungamana nako. Karatasi hizo hazina faida ikiwa DIVAS, yaani divisheni ya mambo ya kijamii, haijui nani analala katika kituo gani.

Wasimamizi watajibu: wageni wakikatazwa, watoto watakula nini? Jibu ni kwamba pesa haihitaji kubebwa mkononi na mtu anayetaka kupigwa picha na mtoto. Bei ya tiketi moja ya ndege ingeweza kumpa yule mjane wa Walungu mtaji wa biashara ndogo na minervali ya watoto wake, nao wakabaki nyumbani. Na walimu hawakosekani. Wapo waliosomea ualimu ISP Bukavu na bado wanazunguka na diploma. Wapo walimu wa NU wanaofundisha madarasa yaliyojaa kupita kiasi tangu shule za msingi za serikali kuwa bure mwaka 2019, huku wakisubiri mshahara. Mgeni wa miaka 19 asiyejua Kiswahili wala Mashi anafundisha nini ambacho hao hawawezi?

Hili halimaanishi kwamba kila mgeni afukuzwe. Wapo waliokuja, wakajifunza lugha, wakakaa miaka, wakafanya kazi chini ya Wakongo na kuacha ujuzi kwa walezi wa hapa. Mtu wa namna hiyo ana kazi: kufundisha walezi, kutengeneza hesabu za kituo, kutafuta ndugu wa mtoto. Huyo amezoea kweli.

Basi yafanyike haya. DIVAS iandike orodha ya vituo vyote na ya kila mgeni anayeingia. Kituo kikatae mtu asiye na cheti cha mahakama ya kwao, na anayekaa chini ya mwaka mmoja asipewe kazi ya kulea watoto. Mashefu wa avenue watoe ripoti wakiona kituo kipya kimefunguliwa bila ruhusa. Familia za mapokezi, ambazo hapa Kivu zimewapokea watoto waliotoka katika vikundi vya silaha, zisaidiwe ili zipokee na wengine. Jirani yetu Rwanda, tangu 2012, iliamua kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Zaidi ya 3,000 walikuwa vituoni wakati huo. Inawezekana.

Na vijana wanaojiandaa kuja likizo ijayo waulize swali moja kabla ya kukata tiketi: siku nitakapoondoka, mtoto huyu atabaki na nani? Wakikosa jibu, wasije.