Kilichomo kwenye kikombe cha Future

Albamu ya DS2 ya rapa Future, wa Atlanta huko kusini mwa Marekani, inaanza kwa sauti ya kinywaji kikimiminwa. Mtoto aliyevaa hedifoni hukisikia kabla rapa hajaanza kuimba. Jina lenyewe ni kifupi cha Dirty Sprite 2, yaani Sprite chafu ya pili. Kinachoichafua soda hiyo ni dawa ya kikohozi yenye kodeini na promethazini. Mchanganyiko huo huitwa lean.

Ilitoka Julai 2015 na kushika namba moja kwenye chati ya Billboard 200. Kimuziki ni kazi nzuri, na mzazi anayetaka kuzungumza na mwanawe asianze kwa kuiita kelele. Mazungumzo yatafia hapo hapo. Katikati ya majigambo mna upweke mwingi, na kikombe kinatajwa kama kitulizo. Kijana mwenye huzuni yake hunasa hapo.

Lean haikuanza na Future. Ilishika mizizi mapema Houston, Texas. DJ Screw wa mji huo alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29. Pimp C, wa kundi la UGK la Texas, alifariki Desemba 2007 akiwa na miaka 33. Wote wawili kodeini ilihusishwa na vifo vyao. Kwa Pimp C ilikutana na tatizo la pumzi kukatika usingizini.

Kwa nini dawa ya kikohozi iue? Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa mofini, na mofini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua. Promethazini, ambayo kazi yake ni kutuliza mzio na kichefuchefu, huongeza usingizi. Soda huficha ladha, hivyo mnywaji hujizidishia bila kujua. Tena maini hayafanani. Wapo watu waliozaliwa na uwezo wa kugeuza kodeini haraka mno, na miongoni mwa Waethiopia na Waarabu ni wengi kuliko kwa Wazungu. Kwao hata kipimo cha kawaida kinaweza kuwa kikubwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua dawa za kikohozi zenye kodeini zisitumiwe na walio chini ya miaka 18, hata kama wanaumwa kweli.

Mapema 2019 Future aliliambia jarida la Rolling Stone kwamba rapa kijana, Juice WRLD, alimweleza kuwa alianza kunywa lean akiwa darasa la sita kwa sababu ya nyimbo zake. Habari hiyo ilimshtua; akajiuliza ni watoto wangapi wengine wa darasa la sita aliowaingiza. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha, ila alilificha hilo akihofia mashabiki watasema muziki wake umebadilika. Desemba mwaka huo huo Juice WRLD alifariki akiwa na miaka 21. Uchunguzi ulikuta oksikodoni na kodeini.

Kwa hiyo, mzazi, kufuta nyimbo kwenye simu ya mtoto hakutoshi, maana atazisikia kwa rafiki. Muulize tu, bila ukali, kama anajua kikombe kile kina nini, kisha msimulie habari ya Juice WRLD. Na ile chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki kabatini, soma lebo yake. Ukiona kodeini, irudishe kwenye duka la dawa.

Ukimkuta mtoto amelala haamshiki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, usimwache ukidhani ataamka mwenyewe. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Nenda na chupa, useme wazi alichokunywa; ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi akiwahishwa.