Nani kasema hema la porini ni la wazungu?

Mwambie Mtanzania wa mjini kwamba unakwenda kulala kwenye hema Serengeti, na jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo: "Hayo mambo ya wazungu." Akiwa mpole ataongeza kwamba simba ni wale wale hata kwenye televisheni. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Mimi nasema ni uongo, tena uongo unaotugharimu.

Ina ukoo wa heshima, nakubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Tanganyika ikielekea uhuru, amenukuliwa akisema hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anataka wanyama wabaki kwa kuwa wataiingizia nchi fedha. Kwenye fedha alipatia. Utalii leo ni miongoni mwa vyanzo vyetu vikuu vya fedha za kigeni. Lakini ile nusu nyingine ya kauli yake tumeigeuza mgawanyo wa kazi: wao watazame, sisi tuhesabu dola.

Sasa ingia kambini uone ni nani hasa analala porini. Chukua zile kambi za msimu zinazohamishwa kuwafuata nyumbu: kati ya Desemba na Machi ziko kusini, upande wa Ndutu, nyumbu wanakozalia; ikifika Julai zimeshahamia Kogatende, kando ya Mto Mara. Mahema ya wageni ni kumi au kumi na mawili. Nyuma ya jiko, vichakani, yapo mahema mengine madogo ambayo hayatokei kwenye picha za matangazo. Humo wanalala wapishi, wahudumu, fundi, madereva na askari wa usiku. Siku nyingi ukiwahesabu hao, utakuta wenyeji waliolala kambini ni wengi kuliko wageni.

Tazama jambo moja tu, kuoga. Jioni mgeni akisema yuko tayari, kijana anachota maji yaliyochemshwa kwenye moto, anayachanganya na ya baridi huku akiyapima kwa mkono, anayabeba hadi nyuma ya hema, anayamimina kwenye ndoo ya lita ishirini na kuivuta juu kwa kamba. Anaita kwa sauti ya chini, "Maji tayari." Ndani, mgeni anavuta mnyororo na maji yanashuka. Nje, kijana anasubiri gizani, tochi mkononi, sikio likiwa kwenye vichaka, maana nyati hapigi hodi, na huenda mgeni akataka ndoo ya pili. Kijana huyo kwao ni Mugumu au Karatu. Anajua ngurumo ya simba aliye ng'ambo ya korongo na ya yule aliye karibu na stoo. Nenda ukamwambie yeye kwamba pori ni mambo ya wazungu.

Hapo utasikia hoja ya pili: bei. Hii si ya kupuuza. Kambi nzuri ya mahema Serengeti, msimu wa wageni wengi, inatoza mamia ya dola kwa mtu kwa usiku mmoja, na zipo zinazovuka elfu moja. Hakuna mwalimu wa sekondari atakayezilipa, wala simshauri. Lakini bei ya mashuka meupe na mvinyo siyo bei ya pori. Kiingilio cha mgeni wa nje Serengeti kimefika dola 70 kabla ya kodi. Cha raia wa Afrika Mashariki kimekuwa shilingi 10,000, na Mikumi 5,000. Kwenye viwanja vya kambi vya umma, kama vile vya Seronera, unapiga hema lako mwenyewe, unapika kwenye jiko lililozungushiwa nondo ili fisi na nyani wasije kula na wewe, na unalala chini ya anga lile lile analolilipia mwenye dola elfu.

Gari ndilo ghali, hasa kwa Serengeti. Kwa hiyo usianze na Serengeti. Mikumi imekatwa na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya. Maelfu ya wasomaji wa makala hii wamewaona twiga wake kupitia dirisha la basi na hawajawahi kushuka. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro, njiani kwenda Mikumi, kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Watu kumi wakichanga kama tunavyochangia harusi, laki moja moja bila kulalamika, wanakodi gari na mahema na kulala porini. Pesa za ukumbi na keki huwa zinapatikana. Tusisingizie umaskini pale ambapo tumekosa nia.

Hofu nayo? Wenye kazi ya pori wanakupa masharti machache: funga zipu, usiweke chakula hemani, usitoke usiku peke yako. Hatari ipo, na inakuja zaidi kwa anayezurura gizani kuliko kwa aliyelala ndani ya hema lililofungwa. Wakulima wa pembezoni mwa hifadhi wanalinda mahindi yao dhidi ya tembo wakiwa na debe na tochi tu. Hao wangeona ajabu kumsikia mtu wa Sinza akiogopa usiku mmoja wenye askari.

Lawama si yetu peke yetu. Wafanyabiashara wa utalii wametufanya tairi la akiba. Mwaka 2020 corona iliposimamisha ndege, ghafla mwenyeji akakumbukwa, bei zikashushwa, akaambiwa "karibu nyumbani". Ndege zilipoanza kutua tena, akarudishwa kwenye buti. The Royal Tour, filamu ya kutangaza utalii wetu, ilizinduliwa New York mwaka 2022, na ni haki kuwatafuta wateja waliko. Lakini kijana wa Tandika naye anahitaji kuambiwa na mtu kwamba Mikumi ni yake.

Na hapa ndipo uongo huu unapotugharimu. Ardhi za hifadhi zinaamuliwa kwa jina letu. Mwaka 2022, mipaka ya eneo la hifadhi la kilomita za mraba 1,500 ilipowekwa Loliondo, jirani na Serengeti, wengi wetu mijini tulikuwa na msimamo mkali, wa kuunga mkono au wa kupinga, ilhali hatujawahi kukanyaga nyasi zile wala kuzungumza na mfugaji wa kule. Asiyelijua pori hawezi kulitetea, na hawezi pia kumtetea mtu anayeondolewa kwa ajili yake. Anabaki kushangilia upande aliousikia mwisho.

Kwa hiyo wenye kambi waandike bei kwa shilingi na kwa Kiswahili mwaka mzima, wasingoje janga jingine. Shule zinazowapeleka watoto Mikumi asubuhi na kuwarudisha jioni ziwalaze huko walau usiku mmoja. Na atakayeendelea kusema hayo ni mambo ya wazungu, aulizwe swali moja tu: kiingilio chake ni shilingi ngapi? Akishindwa kujibu, basi hajawahi hata kuulizia, na hana haki ya kumzuia mwenzake kwenda.