Tunawasema BASATA, na Spika Zetu Je?

Ndugu zangu vijana, leo naandika jambo ambalo najua litawakera baadhi yenu. Bora tuambiane wenyewe kabla wenzetu wa kijani hawajatusema.

Mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena Januari 2023, haikupita muda tukafanya wa kwetu huku Igogwe. Zaidi ya miaka sita tumezibwa mdomo, kwa hiyo mnaelewa mzuka tuliokuwa nao. Tulikodi gari la matangazo, likazunguka tangu asubuhi, na dogo wa muziki akachomeka flashi yake kama kawaida. Waliotangulia kufika uwanjani hawakuwa wapiga kura. Walikuwa watoto wa shule ya msingi, wamejazana mbele ya spika wanakata viuno, na sisi pembeni tunachekelea na kupiga picha, eti watu wameitikia.

Siku tatu baadaye mpwa wangu, yuko darasa la nne, alikuwa uani anaosha vyombo huku anaimba ubeti mzima, neno kwa neno. Siwezi kuuandika hapa. Babu yake alikuwa amekaa barazani. Akachukua fimbo yake, akainuka, akaondoka bila kusema kitu. Aliyelelewa Unyakyusa anajua uzito wa mzee kuondoka kimya namna ile. Nikamuuliza mtoto wimbo huo kausikia wapi.

"Kwenye gari lenu, mjomba."

Sasa jibu letu la haraka nalijua, maana hata mimi nimelitumia sana: BASATA ni rungu la serikali, tusiwasaidie kulishika. Na ni kweli. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", wimbo ambao kosa lake lilikuwa kuwasema wakubwa, mpaka Rais Magufuli mwenyewe akataka aachiwe na wimbo upigwe. Mwaka 2018 ukawa mwaka wa kufungia. Roma alipigwa miezi sita kwa "Kibamia", tangazo likatolewa na naibu waziri ambaye zamani alikuwa kiongozi wa vijana wa upinzani (dunia hii!). Novemba ikafungiwa "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond, wakaipiga jukwaani hivyo hivyo, Desemba wakafungiwa wao. Wameomba radhi, Januari wamefunguliwa, maisha yanaendelea. Mtoto gani wa mjini hakuwa anaijua "Mwanza" wakati huo?

Tena hao wanaolia maadili tuwaulize vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi alipoishinda serikali Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe. Ikakata rufaa. Ikashindwa tena Oktoba 2019. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyosema mwaka 2017 kwamba binti akipata mimba asirudi shule, na mlango ukaja kufunguliwa Novemba 2021. Yaani mtoto asisikie wimbo wa ndoa, ila kuolewa ruksa!

Ila jamani, hayo yote hayamfuti mpwa wangu. Kuwa sahihi juu ya BASATA hakulifanyi gari letu kuwa safi.

Wapo wanaosema watoto hawaelewi maneno. Inawezekana, na nadhani yule wa kwetu hakuelewa nusu. Lakini alielewa jambo lingine vizuri sana. Pale uwanjani kulikuwa na binti mdogo aliyekata kiuno kuliko wenzake, na mtu mzima, mwanachama wetu, akamtunza mia tano, watu wakashangilia. Nilikuwepo. Sikusema kitu. Watoto wote waliona ni kipi kinacholipwa.

Wengine wanasema hata mila zetu zina nyimbo za matusi. Ni kweli. Nyimbo za unyago zinasema mambo wazi kabisa, na Bi Kidude alizipigia ngoma mpaka uzeeni bila aibu. Lakini unyago una mlango: nani aingie, lini, na nani anamfundisha. Hapa kwetu wazee walikwenda mbali zaidi. Monica Wilson aliandika kwenye Good Company, mwaka 1951, jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyotoka kwa wazazi wakiwa na miaka kama 10 au 11 wakajenga kijiji chao, na sababu mojawapo ni heshima, mtoto asisikie ya chumbani kwa baba yake. Sisemi turudi huko, nani atajenga. Nasema walijua kuna mlango.

Simu haina mlango, na sina majibu mepesi kwa simu. Coaster za Mbeya na Tukuyu siziwezi, bodaboda ndo kabisa. Gari la matangazo tunalolikodi kwa michango yetu wenyewe, hilo tunaliweza, wala halihitaji BASATA, polisi wala waziri.

Nilipolileta kwenye kikao cha kata, mwenyekiti mmoja wa tawi akaniambia muziki usio na mzuka haukusanyi watu. Huenda ana haki. Huenda tutapata watu pungufu, na picha zetu mtandaoni zitapendeza kidogo tu. Nikamwambia niko tayari kwa hilo. Tumebishana karibu saa nzima, wakakubali kwa shingo upande tujaribu mkutano mmoja.

Dogo wa muziki ameninunia mpaka leo. Flashi ninayo mimi.