Mashauri ya Nyumbani: Ufagio, Tambara au Mashine ya Kuvuta Vumbi?

Mwingereza Hubert Cecil Booth alipotengeneza mashine yake ya kuvuta vumbi mwaka 1901, ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi. Ilisimama barabarani huku mipira mirefu ikiingizwa madirishani. Leo mashine hizo zimekuwa ndogo, na mtu aweza kupita nayo mkononi katika vichochoro vya Kibera. Lakini je, yafaa kuinunua?

Kwanza tazama sakafu yako, ndipo utazame bei. Mwenye chumba kimoja cha sakafu ya saruji, Kibera au Kawangware, hana haja na mashine. Tambara lililolowa maji lamtosha, tena lashinda ufagio mkavu, kwa kuwa ufagio hurusha vumbi laini hewani, na mwenye pumu huumia. Sakafu ya udongo nayo inyunyizie maji kidogo kabla ya kufagia. Kazi ya mashine hasa ni zulia, maana vumbi lililozama katika nyuzi zake halifikiwi na tambara.

Pili, ujue namna zake. Ile ndogo ya mkononi yafaa viti na magari tu. Ile ya mfuko ni safi kuimwaga, lakini mifuko hununuliwa tena na tena. Isiyo na mfuko haina gharama hiyo, ila aimwagaye hupigwa na vumbi usoni. Ile ya pipa, ivutayo vumbi na maji, ndiyo ya vijana waoshao magari na mazulia kwa ujira. Usivute maji kwa mashine ya vumbi kavu: mota yaweza kuungua, na umeme waweza kukuua.

Tatu, hesabu umeme. Mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi robo saa hula uniti 0.3 tu. Hatari iko katika waya: mashine hiyo huvuta ampea 5, na waya mwembamba ulishao vyumba vingi, ukiongezewa na jiko la umeme, waweza kushika moto. Nyumba za mabati zilizobanana haziungui moja moja. Wala usidanganywe na wati nyingi. Chujio likiziba, hata mashine kubwa haivuti.

Basi ijaribu dukani kabla ya kulipa, ukaulize vipuri vyapatikana wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na majirani wanne wenye mazulia wakichanga fedha, mashine moja yawatosha wote.